Aliyesema gari za NASCAR "zikikuta kona ya kulia dereva anashuka anasukuma" ajitokeze hapa tumalizane

Gia_Ya_Tatu ameanzisha uzi:

Wakuu, salamu nitatoa nikishapoa.

Mnamjua. Simtaji na hakuna haja. Ni yule yule anayechambua mpira, ndondi, bei ya saruji na maumivu ya mgongo, yote kwa sauti moja bila kumeza mate. Jana usiku watu wametulia wanajadili NASCAR, zile mbio za magari za Marekani ambazo nyingi ni za kuzunguka duara kwa kukata kushoto, safari hii uwanja wa Watkins Glen kule New York, kistaarabu, mara akafungua maiki, akacheka kile kicheko chake cha mashine ya kusaga iliyokosa grisi, akasema: "Hizi gari zimeundwa kukata kushoto. Zikikuta kona ya kulia, dereva anashuka anasukuma."

Anashuka. Anasukuma.

Na watu wakacheka! Watu wazima, wenye leseni!

Watkins Glen inaendeshwa kufuata mshale wa saa. Kona ya kwanza, kulia. Kona ya mwisho, kulia. Mzunguko mmoja ni kilomita 3.94 na mbio za 2025 zilikuwa mizunguko 90. Kwa akili ya huyu bwana, dereva anashuka mara mia kadhaa kusukuma chuma cha kilo 1,450, hapo hajahesabiwa yeye mwenyewe wala mafuta. Atasukuma na nani, mashemeji?

Wanakata kulia tangu 1954, kwenye uwanja wa ndege wa Linden, New Jersey, Al Keller akashinda na Jaguar. Watkins Glen waliingia 1957. Riverside kule California walikimbia kuanzia 1958 hadi 1988, na Dan Gurney akashinda pale mara tano. Wote hao walishuka?

Kitu pekee chenye ukweli kwenye ule upuuzi ni hiki, na hakukisema kwa sababu hakijui: kwenye uwanja wa duara gari hufungwa upande. Tairi zote mbili za mbele zinalalia kushoto, ya kushoto kichwa (sehemu ya juu) kimetoka nje, ya kulia kichwa kimeingia ndani. Uzito unavutwa kushoto, springi za kulia na kushoto hazilingani. Ukiachia usukani kwenye nyooko, gari linaelekea kushoto lenyewe. Sasa kabla ya mbio za kona, zile za viwanja vya kukata kushoto na kulia, FUNDI ANABADILISHA. Vichwa vya tairi za mbele vyote vinaingizwa ndani, springi zinalinganishwa pande mbili, uzito unarudishwa katikati. Ni kazi ya spana na mizani. Hakuna anayeshuka. Hakuna anayesukuma.

Akisoma huu uzi, na najua anasoma, ajibu.

SpanaKumi:
Nipo nimekaa pale.

Mwananjia:
Mkuu, povu lote hili kwa ajili ya utani? Kunywa maji. Na yule jamaa usimjibu, mwezi uliopita alisema dizeli ni petroli iliyozeeka.

Gia_Ya_Tatu:
Utani una mpaka. Anashuka ANASUKUMA. Angesema "hawajui kona" ningemuacha. Ila kusukuma!

Breki_Ngoma:
Mleta uzi yuko sahihi ila kasahau kiini chenyewe, breki. Kwenye duara kubwa breki unaigusa ukiingia piti tu, kule kwa mafundi kwenye tairi na mafuta. Watkins Glen unatoka mwendo wa juu kabisa kwenye nyooko ya nyuma, unaingia ile kona ya zigizaga wanayoiita Bus Stop. Iliwekwa 1992, baada ya J.D. McDuffie kufariki kona ya tano mwaka 1991. Pale ndipo mbio huharibika, na mara nyingi si kwa sababu dereva alichelewa kukanyaga.

Ukipanda zile kingo za kona kwa nguvu, gurudumu linatikisika, diski inasukuma pedi zirudi ndani ya kalipa, kile chuma kinachozibana. Hausikii kitu. Unafika breki inayofuata, unakanyaga, pedali inazama nusu bila kushika. Dawa yake: ukiwa bado kwenye nyooko, mguu wa kushoto uguse pedali kidogo mara moja au mbili, pedi zirudi karibu na diski, halafu ndiyo ukanyage kweli. Anayesahau hilo ndiye mnamwona anachana nyasi na kusingizia breki zimefeli.

SpanaKumi:
^ Halafu kuna timu zinaziba matundu ya hewa ya breki kwa utepe wa gundi ili gari lipasue upepo vizuri. Wakizidisha, maji ya breki yanachemka, pedali inakuwa sponji. Pale hata ukigusa mara kumi hupati kitu.

DadaWaDifu:
Naona wanaume mnapigania kushoto na kulia, hakuna aliyegusa ekseli ya nyuma. Gari za kabla ya 2022 zilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma na gia nne za kawaida. Kosa lao kubwa kwenye kona lilikuwa magurudumu ya nyuma kurukaruka. Dereva anakanyaga breki, anashusha gia mapema kabla mwendo haujapungua, hajapuliza mafuta kupandisha injini. Magurudumu ya nyuma yanageuka polepole kuliko gari linavyokwenda, yanaanza kudunda kwenye lami, kisha mkia unapita mbele. Ukiisikia ikianza, achia breki. Najua kila mshipa unakwambia ukanyage zaidi. Achia. Mzunguko unaofuata sogeza nguvu ya breki kwenye magurudumu ya mbele kwa ile nobu ya pembeni, na uchelewe kushusha gia.

Gari la sasa, lililoanza 2022, lina gia tano za kupiga mbele na nyuma, giaboksi imeunganishwa na difu huko nyuma, na kila gurudumu la nyuma linajitegemea. Kudunda kumepungua sana. Ila ubaya mpya: ukivuta gia kushuka mara moja zaidi kwa pupa, kile kizuizi cha mizunguko ya injini hakikuokoi. Kinakata moto ukiwa unakanyaga mafuta, hakizuii magurudumu kuisukuma injini kutoka nyuma. Vali zinapinda hapo hapo.

Gia_Ya_Tatu:
Dada asante. Ona sasa, huyu ndiye alitakiwa apewe maiki jana. Badala yake tukapewa "anashuka anasukuma".

Mwananjia:
Mkuu, umeirudia mara ya tano. Sasa hivi wewe ndiye unayemtangazia biashara.

Vumbi_la_Naivasha:
Wacheni niwaambie wazi, nyinyi nyote mnabishana juu ya lami. Lami! Njooni Naivasha muone gari likizama kwenye fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga, mpaka milangoni, hapo ndipo watu wanashuka na wanasukuma kweli. Na malalamiko yangu mimi ni makubwa kuliko yenu: kila mwaka tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021, kuna mzee mmoja kwenye kila kijiwe anasema "hii si Safari, Safari ilikuwa ile ya zamani". Sawa mzee, tumesikia, ile ya kuanzia 1953 ilipita barabara zilizo wazi na ng'ombe wake. Tufanye nini sasa, tukuletee ng'ombe?

MzeeWaRegista:
Hii ya sasa si Safari.

Vumbi_la_Naivasha:
Si niliwaambia?

Mguu_wa_Kushoto:
Turudi kwenye mada. Hoja ya "hawajui kukata kulia" ilizikwa Chicago, Julai 2023. Shane van Gisbergen wa New Zealand alikuja kwenye barabara za mji, mvua imenyesha, mbio zake za kwanza kabisa kwenye daraja la juu, akashinda. Kabla yake aliyeshinda mara ya kwanza tu kuingia alikuwa Johnny Rutherford, 1963. Mwaka 2025 akachukua tano, zote za kona: Mexico City, Chicago, Sonoma, Watkins Glen na Charlotte.

Mtazameni miguu. Wengi wa madereva wa NASCAR breki ni mguu wa kushoto, mafuta wa kulia, gia wanashusha bila klachi. Yeye kushoto anakanyaga klachi, kulia vidole viko kwenye breki na upande wa mguu unapuliza mafuta kila anaposhusha. Faida yake ni kwamba nyuma hakushtuki gia inapoingia, kwa hiyo anaweza kukanyaga breki akiwa ameshaanza kugeuza usukani.

Kijana_wa_F1:
Kwa hiyo mgeni mmoja katoka nje kawafundisha wote kona. Mchambuzi hakukosea sana 😂

Gia_Ya_Tatu:
Huyo hapo! Nilijua ana wapambe. Tony Stewart, Sonoma 2016, mzunguko wa mwisho. Denny Hamlin anampita kona ya 7, Stewart anamsogeza kwa bampa kona ya 11, anashinda. Kona ya 11 ya Sonoma ni kulia, imejikunja kama sindano. Jeff Gordon ameshinda mbio tisa za kona, Sonoma tano na Watkins Glen nne. Hao ni wageni?

Kijana_wa_F1:
"Anamsogeza kwa bampa". Sisi hiyo tunaiita ajali.

Mguu_wa_Kushoto:
Kijana, bampa ni sehemu ya ufundi. Uwanja wa COTA kule Texas, 2022, mzunguko wa mwisho: AJ Allmendinger anamsogeza Ross Chastain, Chastain anarudisha deni kona ya 19, Allmendinger anamgonga Alex Bowman, Chastain anapita. Ukimgusa mtu katikati ya bampa ya nyuma wakati anakanyaga breki, anapitiliza kona tu. Ukimgusa pembeni, anazunguka na wewe unaingia ndani yake. Tofauti ni upana wa mkono.

SpanaKumi:
Mbio nzuri kuliko zote ni Watkins Glen 2012. Oili imemwagika barabarani, Kyle Busch anaongoza, anateleza, Keselowski anamgusa anazunguka, halafu Keselowski na Ambrose wanapeana nafasi huku wote wawili wakichota nyasi. Ambrose akashinda. Asiyeipenda hiyo apimwe presha.

Piti_Imefungwa:
Mimi kero yangu si huyo mchambuzi, ni bendera za njano za mwisho wa hatua. Mbio hugawanywa vipande, kila kipande ni hatua yenye pointi zake, na bendera ya njano ikitoka wote wanapunguza mwendo na kujipanga upya. Mwaka 2023 walizitoa kwenye mbio za kona, tukapumua. 2024 wakazirudisha. Matokeo yake kila hatua ikikaribia kuisha, nusu ya magari yanaingia piti mapema, kwa sababu mizunguko miwili ya mwisho piti inafungwa. Wanaacha pointi za hatua ili bendera ikitoka wao wawe mbele. Anayeongoza kwa haki anachukua pointi zake, anaingia piti, anatoka wa ishirini. Kwenye duara atapanda. Kwenye kona, kupita gari moja ni mizunguko mitatu.

Mwananjia:
Na mimi kero yangu ni saa. Mbio zinaanza saa tisa mchana kwao, kwetu saa nne usiku. Zikiisha ni saa saba. Kesho kazini.

MzeeWaRegista:
Bando nalo linaisha bendera nyeupe ya mzunguko wa mwisho ikitoka.

Vumbi_la_Naivasha:
Nyinyi mnalia bando, sisi tunatoka Naivasha kurudi Nairobi kwa saa tisa sababu ya foleni. Saa TISA.

Gia_Ya_Tatu:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Jamaa alisema dereva anashuka

SpanaKumi:
Breki_Ngoma, kwa vile umegusa maji ya breki kuchemka. Hii ya kushuka mlima Kitonga pedali ikaanza kuzama ni kitu kile kile?

Breki_Ngoma:
Kile kile. Maji ya breki yanafyonza unyevu wa hewani. DOT ni daraja lake, limeandikwa kwenye chupa. DOT 3 mpya huanza kuchemka nyuzi 205 kwa kiwango cha chini, ikishafyonza maji ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yaliyokaa miaka minne kwenye gari, Kitonga yanachemka kirahisi ukishuka umekanyaga breki moja kwa moja. Yabadilishe kila miaka miwili, shuka na gia nzito, kanyaga kwa nguvu kidogo halafu achia zipoe. Usiburute.

Vumbi_la_Naivasha:
Waambie na wale wa mteremko wa Salgaa wanaoshuka na gia huru kuokoa dizeli.

DadaWaDifu:
DOT 5 msiweke. Ile ni silikoni, haichanganyiki na hizo. 5.1 ni sawa.

SpanaKumi:
Na kutoa hewa kwenye breki naanzia wapi? Fundi wangu anaanza mbele kulia kila mara.

Breki_Ngoma:
Mpango wa kawaida ni gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu kwanza. Usukani kulia, silinda kuu kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mtu mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati, inafungwa KABLA mguu haujaachia. Kikopo juu kisikauke, kikikauka unaanza upya.

Mwananjia:
Prado je?

DadaWaDifu:
Prado yenye pampu ya umeme ya breki usiende na mpango huo. Swichi ikiwashwa pampu yenyewe inasukuma maji nyuma, ukifungua nati ovyo inakurukia usoni. Soma kitabu chake kwanza. Ya mwaka gani?