Elfu sitini mkononi: mashine ya ofisi iliyotumika, au vipuri vyako mwenyewe?

Mwanzisha mjadala, Umoja

Naomba tulizungumze hili kwa utulivu, maana ni pesa za watu wanaojinyima. Kijana amekusanya kama shilingi elfu sitini. Skrini anayo, kibodi na mausi anavyo. Anataka kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani. Akishuka mjini Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Luthuli, ushauri atakaopewa karibu kila mlango ni huohuo: chukua mashine ya ofisi iliyotumika ng'ambo, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, tia kadi ya grafiki (kipuri kinachochora picha za gemu), nenda ukacheze.

Mimi napinga. Pesa hiyo ianzishe mashine ya vipuri vya kawaida, hata ikibidi ianze bila kadi kabisa.

Sababu utaiona ukifungua kasha. Chukua OptiPlex 7050. Mazabodi ya kawaida, yaani ubao mkuu unaobeba vipuri vyote, hupokea umeme kwa plagi pana ya pini 24, lakini hii ya Dell ina plagi yake ndogo ya pini 6 ambayo saplai ya kawaida (kisanduku kinachogawa umeme) haina. Saplai inayokuja nayo ni ya wati 240 kwenye kasha kubwa, 180 kwenye lile jembamba, na kwa kawaida hukuti waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi itakula kile tu inachopewa na tundu lake, wati 75, basi. GTX 1050 Ti ya 2016 inaingia. GTX 1650 ya 2019 inaingia ukipata ile isiyo na plagi ya umeme mgongoni. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, nayo inaingia. Lakini RX 580 ya mtumba, ambayo kwa nguvu na bei ndiyo inayomfaa mtu wa kipato cha chini, inataka wati 185. Hapo umegota.

Saplai hiyo ikiungua, huwezi kuingia duka lolote ukatoka na nyingine, lazima utafute ya Dell, ya modeli hiyohiyo. Mazabodi ikifa, kasha na saplai vinabaki bila kazi. Na sisi tunaishi Nairobi, ambako stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Mashine ya hapa lazima iwe kitu kinachotengenezeka Jumamosi moja kwa kipuri kilichoko rafuni.

Sisemi kwamba upya wa kitu unatosha. Wengi hununua kasha jipya lenye saplai ndani iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa. Igeuze, usome kibandiko cha ubavuni. Tafuta safu ya volti 12, kwa sababu ndiyo inayolisha prosesa, yaani ubongo wa mashine, na kadi. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni 216. Hizo ndizo wati zako za kweli za kuchezea gemu. Na ukikuta nyuma kiswichi chekundu cha 115 na 230, ujue huo ni muundo wa kizamani. Mtoto akikisogeza kwenye 115 na ukutani kuna 240, saplai italipuka na inaweza kuondoka na vitu vingine. Nunua yenye alama ya 80 Plus (alama ya saplai isiyopoteza umeme mwingi), ya kampuni inayojulikana, wati 450 au 550. Kama kuna mahali pa kubana matumizi, si hapa.

Mashine ninayopendekeza ina prosesa ya Ryzen 5 5600G ya 2021: viini 6, nyuzi 12, grafiki ndani yake, na feni iko kwenye boksi. Mazabodi ya A520 au B450. (B450 iliyokaa dukani muda mrefu, muulize muuzaji kama BIOS yake, programu ya kuiwashia, imesasishwa, la sivyo utawasha na skrini itabaki nyeusi.) RAM (kumbukumbu ya muda) vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yao, zinaazima kwenye RAM, na kijiti kimoja kinazipa njia moja badala ya mbili. Tofauti yake utaiona kwa macho, gemu inakwamakwama. SSD, hifadhi ya mafaili, ya GB 500. Kwa mashine hiyo Valorant, Dota 2, Counter-Strike 2 na GTA V zinachezeka ukipunguza mapambo. Mwakani pesa ikipatikana unachomeka kadi, na saplai inaihimili.

Anayepinga aje na hoja.

Fundi, Moi Avenue

Ndugu wa Umoja, nakuheshimu, na kuhusu saplai umesema kweli tupu. Lakini hesabu yako ni ya miaka iliyopita.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, yaani RAM na SSD walizokuwa wakiuzia watu wa kawaida. Kijana wako akienda kununua vijiti viwili vipya leo, ndipo elfu sitini inapoanza kukatika. Mashine ya ofisi inakuja na RAM ndani, SSD ndani, feni ndani, na mara nyingi leseni ya Windows iko kwenye mazabodi yenyewe. Hivyo vyote ukivinunua kimoja kimoja, hufiki.

Pili, unamshauri mtu asiyejua kitu azunguke maduka matano. Huko kuna watu wa kumwuzia GTX 1050 Ti ambayo ndani ni GTX 550 Ti ya zamani iliyoandikwa BIOS ya uongo. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo kwa hesabu ya viini ni RX 570. Na hizo RX 580 unazozisifu, nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022, Ethereum ilipobadili mfumo na uchimbaji ukaisha. Feni zimechoka, pasta ya kupitisha joto imekauka. Dukani kwangu mtu anaona mashine inawaka, anacheza mbele yangu, anabeba.

Ninachomwambia mteja ni kwamba asichukue lile kasha jembamba, achukue kubwa. Asichukue prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 wala cha 7 hata kama ni rahisi. Achukue kizazi cha 8, kama OptiPlex 7060 yenye i5-8500, viini 6. Atie GTX 1650 au RTX 3050 ya GB 6. Hiyo inaishinda 5600G yako isiyo na kadi, na inaishinda kwa mbali. Kijana anataka kucheza mwaka huu, wewe unamwambia asubiri mwakani.

Na plagi ya pini 6 si ukuta. Waya za kubadilisha kutoka pini 24 zinauzwa.

Mwanafunzi, Ngara

Naongeza mambo mawili ambayo watu wa mashine za ofisi hawayasemi.

Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna njia za kulazimisha, lakini Valorant kwenye Windows 11 hukagua TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), na visipowashwa haifunguki. Kwa hiyo fundi yuko sawa kuhusu kizazi cha 8, ila mashine zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni hizo i5-6500 na i5-7500, za kizazi cha 6 na cha 7. Msizinunue kwa ajili ya gemu.

La pili ni kadi ya RX 6400. Watu huipenda kwa sababu inakula wati 53 tu na zipo fupi zinazoingia kasha jembamba. Kadi hiyo ina njia nne tu za PCIe, yaani za kupitisha data kwenye tundu la kadi. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 haina shida, lakini kwenye mashine hizi za ofisi za PCIe 3.0 inabanwa, na gemu nzito zinaanza kurukaruka. Heri GTX 1650.

Mzazi, Kahawa West

Nimewasoma wote. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, anaomba mashine hii na anasema ataitumia pia kujifunza kuandika programu. Mimi namba za prosesa sizijui. Ninachouliza ni kwamba kikiharibika kitu baada ya miezi sita, nampelekea nani? Mwaka jana nilinunua kompyuta iliyotumika duka moja mjini, nikaambiwa ina waranti. Nilipoirudisha nikaambiwa waranti ni ya mazabodi, kilichokufa ni saplai. Tafadhali nijibuni kwa lugha ya mtu anayelipa.

Mwanzisha mjadala, Umoja

Mama, nakuja kwako. Nimjibu fundi kwanza.

Kaka, kuhusu RAM uko sawa na sitabisha. Lakini ushauri wako wenyewe una dawa yake. Hizo OptiPlex za kasha kubwa zinabeba vijiti virefu vya RAM ya aina ya DDR4, vilevile vinavyoingia kwenye mazabodi ya A520 au B450. Kijana anunue RAM iliyotolewa kwenye mashine hizo. Vingi ni vya 2400 au 2666, si 3200, na 5600G itapoteza kasi kidogo, lakini tofauti ya kijiti kimoja na viwili ni kubwa kuliko hiyo. RAM ndiyo kipuri cha mtumba ninachokiamini zaidi, haina feni wala kitu kinachozunguka. Aangalie tu asiuziwe ya laptopu, ambayo ni fupi, au ya seva, ambayo haitawaka kabisa kwenye mazabodi hizi.

Waya za kubadilisha zipo, kweli. Ila kwenye baadhi ya makasha ya Dell saplai ya kawaida haikai mahali pake, matundu ya skrubu hayalingani. Nimeona mashine saplai imelazwa nje ya kasha, waya zimepitishwa pembeni, nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu. Kwa hilo siwezi kumshauri mtu.

Kuhusu kadi zilizochimba na kadi za uongo, tatizo hilo linamkuta hata mteja wako, maana naye ananunua kadi. Dawa ni kuipima kabla ya M-Pesa kutoka. Pakua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, soma jina la chipu na idadi ya viini. Ukiona pembetatu yenye alama ya mshangao au neno Fake mbele ya jina, rudisha. RX 580 halisi ina viini 2304. Kisha iache icheze gemu nzito dakika ishirini hivi muuzaji akiwepo, uangalie joto na usikilize feni. Muuzaji akikataa, ondoka.

Nakubali pia kwamba mashine yako yenye GTX 1650 itanishinda kwa fremu (picha kwa sekunde) siku ya kwanza. Ninachouliza ni mwaka wa tatu kutakuwaje. Kijana aliyenisikiliza atatoa 5600G na kuweka prosesa nyingine ya AM4 (tundu lilelile la mazabodi), atachomeka kadi ya wati 150, kasha lilelile, saplai ileile. Mteja wako atauza yote aanze upya, na atauza kwa hasara.

Fundi, Moi Avenue

Hoja ya RAM ya mtumba naikubali, na ninazo. Ya saplai kulala nje pia nakubali, hiyo ni kazi mbaya. Lakini ndugu yangu, wateja wangu wengi hawafiki huo mwaka wa tatu wakiwa na pesa za kadi. Kuna karo, kuna kodi ya nyumba. Kadi unayoiahidi ya mwakani mara nyingi haiji. Mtu huyo utakuwa umempa mashine ya kucheza kwa mapambo ya chini maisha yake yote, wakati angecheza vizuri tangu mwanzo. Msimamo wangu ni uleule: mwenye uhakika wa kupata pesa tena ajenge, asiye na uhakika achukue kasha kubwa la kizazi cha 8.

Mwanzisha mjadala, Umoja

Hapo umenibana, kwa sababu najua watu wa namna hiyo. Bado nasema aliyeishiwa pesa ndiye asiyeweza kumudu saplai isiyopatikana. Tuache wasomaji waamue kati ya hayo mawili.

Mama wa Kahawa West, kwako ningechagua vipuri, na sababu ni hilo swali lako la nani atatengeneza. Kijana anayejifunza programu akiunganisha mwenyewe atajua kila kitu kilichomo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kila kipuri kwa jina na namba yake ya utambulisho (serial), na mbele ya kila kimoja miezi ya waranti. Saplai iwe na mstari wake peke yake. Neno "mashine kamili" lisikubaliwe, ndilo lililokuponza mwaka jana. Akikataa kuandika, nenda duka jingine. Na tenga pesa kidogo ya kilinzi cha umeme kati ya ukuta na mashine, kile kinachokata stima ikizidi au ikishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha.