Uzi wa kerneli umeganda hali ya D, kill -9 haifui dafu. Naomba ushauri

mpima_magunia:
Wakuu, habari za jioni. Nina moduli ya Linux (kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo) niliyoiandika kwa C, inasoma mizani ya USB kwenye ghala la korosho. Ndani yake kuna uzi mmoja wa kerneli (kazi inayojiendesha yenyewe humo ndani), mizani_soma: unasubiri mizani, unachukua kipimo, unarudia. Shida inakuja nikitaka kuitoa moduli kwa amri ya rmmod. Mara nyingine inatoka, mara nyingine amri inaganda pale pale. Kwenye ps (orodha ya kazi zinazoendelea), rmmod na mizani_soma zote ziko hali ya D, yaani usingizi usiokatizwa. Prosesa haina kazi kabisa, ila wastani wa mzigo umeng'ang'ania 2.00. Nimeshabadilisha hadi waya. Msimu unakaribia, nisaidieni.

baba_seva:
Zima, washa mkuu. Ikirudia weka kerneli mpya.

FundiKerneli:
Usizime kwanza! Ukizima unafuta ushahidi wote. Hiyo 2.00 isikutishe, Linux inahesabu pia nyuzi zilizo hali ya D, na wewe unazo mbili. Uzi ukiwa D kwa kawaida hauamshwi na ishara mpaka kile unachokisubiri kitokee, ndiyo maana kill haina kazi hapo. Swali ni moja tu: kila uzi unasubiri nini? Ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine):

cat /proc/NAMBA/stack

NAMBA ni ile ya uzi kwenye ps. Fanya hivyo kwa zote mbili. Au `echo w > /proc/sysrq-trigger` kisha soma dmesg (ujumbe wa kerneli), utapata nyuzi zote zilizokwama kwa mpigo. Kama zimepita sekunde 120 huenda kerneli yenyewe imeshalalamika humo. Tuwekee matokeo.

mpima_magunia:
Asante sana mkuu. Nimepunguza, yaliyo muhimu ni haya:

mizani_soma: mutex_lock ← soma_kipimo
rmmod: wait_for_completion ← kthread_stop ← mizani_toka

Ndani ya mizani_toka, inayoitwa moduli ikitolewa, nakamata kufuli ya data (mutex, mmoja tu ndiye anaishika kwa wakati), naita kthread_stop ya kuusimamisha uzi, nafuta bafa (nafasi ya kuweka vipimo), naachia kufuli. Nilishika kufuli ili bafa isifutwe wakati uzi unaisoma.

binti_wa_C:
Kaka, jibu umeliandika mwenyewe. kthread_stop hairudi mpaka uzi umalize. Uzi hauwezi kumaliza kwa sababu unataka kufuli ambayo rmmod ameishika. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na hakuna wa tatu wa kuwaamua.

Ile "mara nyingine" nayo ina sababu. Uzi ukifika kwenye kthread_should_stop (pale unapoangalia kama umeambiwa usimame) baada ya rmmod kuweka alama, unatoka salama. Ukiwa umeshapita hapo na uko mlangoni pa kufuli, mmekwama. Mizani na waya havihusiki hata kidogo.

Dawa ni kubadili mpangilio: ita kthread_stop kwanza, mikono mitupu, halafu ndiyo ufute bafa. Uzi ukishakufa hakuna wa kuigusa, kwa hiyo kufuli pale haina kazi. Hakikisha tu .owner = THIS_MODULE ipo kwenye file_operations (orodha ya kazi za kifaa), ili rmmod ikatae wakati programu bado imefungua kifaa.

FundiKerneli:
Sahihi kabisa. Niongeze moja, maana hili limewahi kunipotezea siku mbili: usitegemee CONFIG_PROVE_LOCKING (mkaguzi wa kufuli wa kerneli) ikukamatie kosa hili. Inafuatilia kufuli kwa kufuli. Kumngoja uzi ndani ya kthread_stop si kufuli, kwa hiyo inanyamaza. Iwashe hata hivyo, makosa ya kukamata kufuli A na B kwa mpangilio tofauti inayaona vizuri.

Mashine iliyoganda sasa haina njia, kufuli hiyo huwezi kuiachia kutoka nje. Tuma s (andika data diskini), u (diski iwe ya kusoma tu), kisha b (washa upya) kwenye sysrq-trigger, moja moja, diski iandikwe kabla haijawaka upya.

mpima_magunia:
Nimerudi. Nimehamisha mstari mmoja juu, nimefuta miwili ya kufuli. Nimeacha skripti ikiipakia na kuitoa mara 500 usiku, haijaganda hata mara moja. binti_wa_C na FundiKerneli, Mungu awabariki. Kesho naenda nayo ghalani.

binti_wa_C:
Hongera. Ukifika huko chomoa USB wakati uzi unasoma, uone rmmod inasemaje.