Kina mama sasa wanajifungulia vituoni, mbona vifo vya vichanga havishuki?

Swali: mjumbe wa kamati ya kituo cha afya, Tanzania

Habari za kazi, ndugu zangu. Kamati yetu inatakiwa kuwasilisha vipaumbele vya kituo ili viingizwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na wajumbe wengi wanataka fedha zote ziende kwenye kupanua wodi ya wazazi. Sababu wanayo, maana kina mama wanalala wawili wawili kitandani. Hata hivyo, nimepitia matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 na kuyalinganisha na ya 2015/16, nikakuta jambo linalonisumbua. Waliojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, hatua ambayo kila Mtanzania ana haki ya kuifurahia. Lakini vifo vya watoto wa umri usiozidi siku 28, ambavyo vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, vilishuka hadi 24 tu. Ikiwa mama amekwisha kufika kituoni, mtoto anapotelea wapi? Na sisi wa ngazi ya kata tupendekeze nini?

Jibu: muuguzi mkunga

Ndugu mjumbe, wengi wanapotea katika saa za mwanzo kabisa. Mtoto aliyezaliwa bila kulia anatakiwa akaushwe, asuguliwe mgongo ili aanze kupumua na, asipopumua, aanze kupewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, usiku nilikuwa peke yangu na kina mama wanne wenye uchungu. Mfuko wa kumpa mtoto hewa tulikuwa nao, ila ulikuwa umefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda nyumbani. Taarifa ya mwezi ilionyesha kwamba kifaa kipo.

Kwa hiyo ninaomba kamati isiishie kuuliza kama vifaa vimenunuliwa, bali iingie leba na kuangalia vimewekwa wapi, na zamu ya usiku ina wakunga wangapi. Vilevile, mafunzo ya wiki moja mjini hayatoshi, kwa kuwa mkono husahau. Mpango wa Uzazi Salama ulioongozwa na Hospitali ya Haydom katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza uliwafanya wahudumu wafanye mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, humo humo wodini, na kuwapa vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto wakati wa uchungu. Matokeo yaliyochapishwa 2025, yakihusu kina mama karibu 300,000 na watoto wao, yalionyesha kuwa vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 40, na vya kina mama kwa asilimia 75.

Jibu: mtumishi wa takwimu za afya

Ninaungana na dada mkunga, ila nisingependa majengo yadharauliwe, kwani mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, hawezi kuokolewa na mazoezi ya mwanasesere pale ambapo hakuna chumba cha upasuaji wala damu salama. Kasoro ya sera zetu ni kwamba kwa muda mrefu tumehesabu mama anapoingia mlangoni, na tumehesabu kidogo sana alichofanyiwa ndani.

Lipo pia suala la vikao vya kupitia vifo vya kina mama na watoto wachanga. Mwongozo unasema vitafute chanzo, visimtafute wa kulaumiwa. Kikao kikigeuzwa mahakama, daftari huacha kusema kweli: mtoto aliyepumua dakika tano huweza kuandikwa kuwa alizaliwa mfu, na kifo chake hakitajadiliwa kamwe. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka takwimu za kweli hana budi kwanza kuwalinda wanaozileta.

Jibu: mzazi

Mimi si mtaalamu. Mwanangu alizaliwa njiti, na jambo lililomsaidia ni kufungwa kifuani pangu kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2021, ulionyesha kwamba kuanza malezi haya ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atengemae, kunapunguza vifo kwa robo. Lakini mama anahitaji mahali pa kulala karibu na mtoto. Nilikaa siku tatu kwenye kiti cha plastiki huku kidonda cha upasuaji kikiwa kibichi. Ndugu mjumbe, mkiongeza wodi, tafadhali chumba hicho kiwemo kwenye ramani tangu mwanzo.

Mjumbe wa kamati

Nawashukuru sana. Nitapendekeza upanuzi uwe mdogo kuliko ulivyopangwa, wenye chumba cha malezi ya kangaruu, na fedha zitakazobaki zilipie mkunga wa pili wa usiku kwa mkataba kutoka mapato ya kituo. Dada mkunga, nikiingia leba kesho, nianze kuangalia nini?

Muuguzi mkunga

Anza na friji. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua, inatakiwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Uliza umeme ukikatika inapelekwa wapi, kisha omba uonyeshwe mfuko wa hewa na barakoa ya ukubwa wa kichanga, na uhesabu sekunde hadi vikufikie mkononi.