MREJESHO: Seramu ya uso na baridi ya Mbeya

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza kwa nini seramu (kimiminika cha kupaka usoni) ya asidi ya hayaluroniki inaniacha uso umekakamaa wakati wenzangu wa Dar inawapendeza. Asanteni sana mlionijibu.

Lililonifaa ni la yule dada aliyesema seramu hii kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika. Huku Uyole, Mbeya, kuanzia Juni hewa ni kavu, upepo unapasua midomo. Ukiipaka kwenye ngozi kavu ukaishia hapo, unyevu unapotea. Sasa nikinawa sijifuti mpaka nikauke. Uso ukiwa bado na majimaji napaka matone machache, halafu losheni nzito juu yake kabla haijakauka. Usiku naongeza mafuta ya mgando kidogo pembeni mwa pua, pale palipokuwa panabanduka magamba. Pamelainika kabisa, hata poda inakaa!

Asubuhi namalizia na losheni ya kuzuia jua. Baridi isiwadanganye, jua la huku juu ni kali.

Kaka wa Makambako uliyeuliza gliserini: nayo inavuta maji vilevile na bei yake ni nafuu, ila ichanganye na maji kwanza, usiipake tupu.