Mtangazaji, peku za Mohun Bagan unazichekea nini?

Wakuu, nimekasirika na leo sipunguzi maneno. Jana jioni nipo kwenye daladala, redio inapiga kelele, mtangazaji wa michezo anatuambia "Wahindi na mpira wapi na wapi, hao ni kriketi tu, walifukuzwa Kombe la Dunia 1950 kwa kucheza peku." Studio nzima ikacheka. Abiria nao wakacheka!

Hivi mtu analipwa mshahara kwa kazi hii?

Mohun Bagan, klabu ya mpira ya Calcutta, India, imeanzishwa 1889. Yanga yetu ni ya 1935, fanya hesabu mwenyewe. Ilikuwa timu ya ridhaa kabisa: makarani, wanafunzi, mwalimu mmoja. Tarehe 29 Julai 1911 wakaingia fainali ya IFA Shield, kombe la chama cha mpira cha India, kucheza na kikosi cha jeshi la Waingereza, East Yorkshire Regiment. Wanajeshi wana daluga. Bagan wako peku, isipokuwa yule mwalimu, Sudhir Chatterjee, ndiye pekee aliyevaa viatu. Sasa wewe unayecheka, umewahi kukanyagwa na daluga ukiwa peku? Mimi nimewahi, ukucha wa kidole gumba mpaka leo haujakaa sawa.

Jackson akawatangulizia Waingereza. Nahodha Shibdas Bhaduri akasawazisha, halafu dakika za mwisho Abhilash Ghosh akaweka la pili. 2-1, kombe likaenda kwa wenyeji kwa mara ya kwanza. Watu walijaa maelfu kwa maelfu, na wale wa nyuma wasioona kitu walikuwa wanasoma matokeo kwenye tiara zilizorushwa angani. Tiara jamani! Na huyu wetu ana intaneti kiganjani anashindwa kutafuta dakika mbili.

Hiyo ya 1950 ndiyo imenichefua zaidi. FIFA haikumfukuza mtu. India ilifuzu, shirikisho lao lenyewe likaamua halipeleki timu Brazil, maana Olimpiki ndiyo waliyoiona kubwa. Nahodha wa wakati ule, Sailen Manna, mtu wa Mohun Bagan huyohuyo, alishasema kwamba habari ya viatu ilikuwa kisingizio tu. Na hizo peku ziliwapeleka Olimpiki ya London 1948, wakafungwa na Ufaransa 2-1 huku wamekosa penalti mbili. Penalti mbili! 1951 Manna huyohuyo akanyanyua dhahabu ya Michezo ya Asia.

Kwamba leo India iko chini kwenye viwango, sawa, hilo sibishi. Lakini tuseme hivyo basi, tusiwatungie historia.

Nimepiga simu studio mara tatu kuwasahihisha. Ya kwanza wakaniweka kwenye muziki, ya pili wakakata. Ya tatu yule dada akaniuliza, "Kaka, wewe ni Mhindi?"

Mwenye namba nyingine ya kile kipindi aiweke hapa, hiyo ya kwanza wameshanifungia.