Kolam ya unga wa mchele kwenye vigae: naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa wanaochora kolam mlangoni kila alfajiri, yaani yale mapambo ya Kitamil (Watamil wa India Kusini) ya nukta na mistari inayozizunguka. Kwenye saruji hakuna shida: unafagia, unanyunyiza maji, unachora kabla hapajakauka, na unga unashika. Taabu ni vigae vinavyong'aa. Unga mkavu unateleza, upepo kidogo tu mstari umepotea.

Kwa hiyo natumia uji: mchele mbichi unalowekwa kwa muda wa saa 2, unasagwa laini kabisa, kisha unaongezwa maji. Unachovya kitambaa cha pamba, unakiminya kiganjani, uji unashuka kwenye kidole cha pete kinachochora. Ukiwa mwepesi, unasambaa na kumeza nukta. Ukiwa mzito, unapasuka ukikauka na kubanduka. Kikombe 1 cha mchele mnatia maji kiasi gani?

Pia, kwa nukta 1-3-5-7-5-3-1 (safu saba, kila namba ni idadi ya nukta za safu moja), mnaanzia wapi ili mstari mmoja uzizunguke zote na kurudi ulikoanza?

Tafadhali, unga wa mawe na stika hapana. Mchele unaliwa na sisimizi na ndege, na kuwalisha ni sehemu ya ibada yenyewe.