Mafundi wa amplifaya Masasi na Mtwara, acheni kuruka rilei! Mnatuunguzia spika

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Kuna mchezo umeshamiri huku kwetu, kuanzia Masasi na Newala mpaka Mtwara mjini, na wa Lindi wananiambia kwao ni hivyo hivyo. Unampelekea fundi amplifaya kwa sababu taa nyekundu ya protekti (ulinzi) inawaka na mziki hautoki. Jioni anakupigia: "Njoo uchukue, imepona." Ukifungua mfuniko unakuta kipande cha waya kimelehemiwa kutoka mguu mmoja wa rilei, ile swichi ya ndani inayounga na kukata spika, kwenda mwingine, ili isiweze kukata tena. Basi. Hicho ndicho ulicholipia.

Hiyo si kutengeneza. Taa ile ilikuwa inakwambia kuna ubaya ndani. Fundi hakuutafuta ubaya, amemziba mdomo anayeusema.

Mashine yangu iliyorukwa rilei namna hiyo imeunguza besi mbili za inchi 18 katikati ya harusi ya watu, msimu huu wa korosho ambao sisi wakodishaji ndio tunautegemea mwaka mzima. Kishindo kimoja, upande wa kushoto ukakata, halafu harufu ya koili, ule waya uliosukwa nyuma ya koni ya spika, na moshi ukitoka nyuma ya wavu. Mwenye shughuli anadai hela yake, na ana haki. Nimerudi kwa fundi, ananijibu bila haya: "Kaka, spika zako zilikuwa feki." Hapo ndipo damu ilipochemka.

Sasa tuelezane, maana wengi mnaibiwa kwa kutojua. Mashine ya kawaida ya kukodisha ina umeme wa pande mbili ndani, tuseme volti 70 chanya na 70 hasi. Mziki ukiwa kimya, pale kwenye tundu la spika panatakiwa pawe na sifuri, au milivolti chache tu. Transista za mwisho zinazosukuma spika, hizi 2SC5200 na 2SA1943 mnazozijua wote, zikifa mara nyingi hazikati, zinashikana. Zikishashikana, volti 70 za DC, yaani umeme wa upande mmoja usiopanda na kushuka, zinapita moja kwa moja hadi kwenye spika. Spika iliyoandikwa omu 8, koili yake ukiipima kwa mita inasoma kama 6. Gawanya 70 kwa 6, unapata karibu ampea 12. Zidisha tena kwa 70, ni wati zaidi ya 800. Hata umeme wa ndani ukilegea kidogo kwa mzigo huo, koili haiponi.

Na usiniambie spika yako ni ya wati 1,000. Wati hizo ni za mziki, unaopanda na kushuka, na koni ikicheza inasukuma hewa inayopoza koili. DC inaitupa koni mbele au nyuma na kuiacha imeganda pale pale. Hewa haitembei, joto linapanda, gundi inaachia, waya unafumuka, na koni yenyewe inaweza kushika moto. Hebu fikirieni hilo kwenye turubai lenye mapambo ya vitambaa, watoto wamelala kwenye viti.

Rilei ipo kwa ajili ya hilo. Sakiti ya ulinzi inachungulia njia ya kutokea mziki muda wote. Mziki unaenda juu na chini ya sifuri kwa usawa, kwa hiyo inauacha upite. Ikiona volti chache tu zimekaa upande mmoja kwa sehemu ya sekunde, inaiachia rilei na spika inatengwa. Kwenye mashine nyingi kazi hiyo inafanywa na aisii ndogo ya miguu 8, uPC1237. Hiyo hiyo ndiyo inayokusubirisha sekunde chache ukiwasha, mpaka kapasita zijae na mashine itulie, na ndiyo inayokata haraka umeme ukikatika. Kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi usiku kucha, mtu mwenye akili anaiondoa vipi?

Kuna fundi atasema rilei ya zamani ilikuwa inakwaruza mziki. Sawa, vidole vyake, vile vyuma vya ndani vinavyogusana, vimeungua, badilisha rilei! Na ubadilishe kwa akili. Rilei nyingi zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250 za AC, lakini upande wa DC zimeandikwa volti 30 tu. AC ya umeme wa ukutani inapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inazimika yenyewe. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka kati ya vidole vilivyoachana na umeme unaendelea kwenda kwenye spika. Ndiyo maana waundaji makini wanaunga spika kwenye mguu wa kati wa rilei, na mguu unaogusana rilei ikiwa imelala wanaupeleka graundi, yaani kwenye sifuri ya mashine. Ikiachia, cheche inaishia graundi badala ya kwenye koili. Fundi anayejua hili, huku kusini, bado namtafuta.

Fyuzi nayo msiifanye kisingizio. Fyuzi ni nzito, transista inakufa kabla yake, na koili inaweza kuungua fyuzi ikiwa bado nzima. Ila wanaotoa fyuzi na kuweka waya wa umeme wa nyumba, hao sina neno zuri kwao.

Wakodishaji wenzangu, na ninyi mnachangia. Unafunga spika nne za omu 8 kwa pamoja upande mmoja, mashine inaona omu 2, wakati nyuma imeandikwa mwisho 4. Mkondo unazidi, inaingia protekti, wewe unakimbilia kwa fundi: "Nitolee hiyo protekti inanisumbua." Au feni imejaa vumbi, mashine imefunikwa turubai kwenye joto la Desemba, kiangalizi cha joto kinaizima, nawe unasema mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inajiokoa.

Kisingizio kikubwa ninachosikia ni kwamba vifaa havipo, mpaka viagizwe Kariakoo. Agiza! Basi linatoka Dar kila siku, na bei ya rilei haifiki hata robo ya kusuka koili mpya. Niambie nisubiri, nitasubiri. Usinirudishie bomu ukasema limepona.

Ninachotaka kwa fundi ni hiki: uwashe kwanza kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye njia ya umeme unaoingia, bila spika yoyote, unipimie kwa mita pale kwenye tundu nione mwenyewe ni milivolti ngapi, kisha uniamshie rilei kwa sakiti yake, niisikie ikilia "tak" baada ya zile sekunde. Transista ulizozitoa unipe mkononi.

Kama kuna fundi Masasi, Mtwara, Lindi au Nachingwea anayefanya kazi namna hiyo, ajitokeze hapa chini aseme yuko mtaa gani. Wengine mliounguziwa, wekeni picha za huo waya wa kwenye rilei, majina ya mafundi muache.